Karani wa Mizani

Ubavuni mwa mizani yangu, ghala la Mahuta,
kuna kibati cha shaba, maandishi yamelika:
MWISHO KILO MIA TATU.
Alikigonga pale fundi nisiyemjua,
aliyejua kwamba hata chuma huchoka.

Leo wa kwanza alikuwa Somoe Namkoko,
na gunia lenye viraka vya kanga.
Mikorosho yake ni thelathini na mmoja,
ule wa bondeni ulikosa salfa, ukazaa ukungu.
Mshale ukasimama hamsini na nane.
Nikaandika hamsini na saba.
"Unyevu," nikamwambia.
Akatazama juu. Mbinguni hapakuwa na wingu.
Hakusema kitu.
Nitarudi hapa.

Mchana redio ya mlinzi ikasema yupo mtu
mwenye trilioni tano.
Ikasema hivyo, ikaendelea na tangazo la sabuni.
Wapagazi wakanyamaza kidogo,
kama watu wanavyonyamaza jeneza likipita.

Nikageuza stakabadhi iliyoharibika, nikapiga hesabu.
Gunia la kilo themanini, tuseme laki na sitini.
Gunia moja, dakika moja,
usiku na mchana, sili, silali, siendi haja:
miaka sitini kasoro miezi.
Ingebidi mama anizae mkono uko mizanini,
na leo, nikisubiri barua ya kustaafu,
niwe bado napima mali ya mtu mmoja.

Chilumba, ambaye usiku hununua kangomba
na mchana hutushauri, akacheka:
"Mwekeeni tajiri kikomo, muone nani atakuja mnadani.
Korosho mtazichemsha mnywe?"
Neno lake lina uzito, silikatai.
Nakumbuka msimu ambao wanunuzi hawakutokea,
panya wa ghala hili wakanenepa kuliko wanetu.

Lakini Chilumba, lori likitoka hapa kwenda bandarini
hupimwa njiani.
Likizidisha, linashusha mzigo na faini juu,
na sijasikia mtu akisema
serikali inawaonea wivu wenye malori.
Husema: lami ni ya wote.
Na lami ikididimia, anayevunjika mguu
ni mwenye baiskeli.

Na ubeti wa shairi, nao una mizaniye,
Nane huku nane kule, hazidishi atungaye,
Ukipitisha silabi, hucheka akusomaye,
Ila hela peke yake, inapita na kupita na kupita, na hakuna aizuiaye.

Kikomo kiwe ngapi? Sijui.
Mimi si mbunge, shule yangu iliishia Newala.
Abaki na bilioni kumi? Mia?
Abaki na kiasi cha kula pweza kila siku
mpaka wajukuu wa wajukuu wamchoke pweza?
Namba tutaigombania hadi msimu ujao.
Ila kibati kigongwe kwanza,
hata kikiwa kitupu.

Sasa ile kilo.
Watu sitini kwa siku, kilo sitini.
Kufika Jumamosi pana magunia hayana jina,
nayo yana mwenyewe: nusu katibu, nusu mimi.
Nimeezekea bati kwa unyevu ambao haukuwepo.
Si trilioni.
Lakini hata mwenye trilioni, nadhani,
alianza kwa kumwambia mtu "unyevu"
na mtu yule akatazama juu, akanyamaza.

Jioni, ghala limefungwa, nikafungua daftari.
Pale penye saba ya Somoe nikaandika nane.
Wino ukavuja, namba ikawa nene, mbaya,
kila mtu ataiona.
Kesho katibu ataniuliza, na sina jibu zuri.

Nikalowesha kidole, nikafunua ukurasa.
Bado hamsini na tisa.